Je, Wajua? Nyanya za Makina Ni Ndugu wa Tumbo Moja

Kwenye meza ya mama mboga sokoni Makina, Kibera, fungu la nyanya aina ya Rio Grande lina umbo la yai na ngozi ngumu. Aina ya Money Maker ni ya mviringo, laini, hupasuka upesi. Ukizitazama, utasema ni koo mbili tofauti.

DNA inakataa. Inakadiriwa kuwa nyanya zote zinazolimwa duniani zina chini ya asilimia 5 ya tofauti za kijeni zilizomo katika nyanya-mwitu za Amerika Kusini. Mbegu chache tu ndizo zilizovuka bahari.

Undugu huo hupimwaje? Katika DNA ya nyanya kuna vipande vinavyojirudia kama kigugumizi: GATA, GATA, GATA. Aina moja hurudia mara nyingi, nyingine mara chache. Kipande kidogo cha jani la mche kinatosha kuzitofautisha, kabla hata ua halijachanua.

DNA haionyeshi undugu tu. Jeni moja, Mi, hukinga mizizi dhidi ya minyoo inayoivimbisha mafundo. Ilitoka kwa nyanya-mwitu ya Peru miaka ya 1940. Siku hizi mtafiti hahitaji minyoo kuitambua. Alama ya DNA humwonyesha mche ulioirithi.

Na nyanya ya kwanza kusomwa jenomu yake yote, mwaka 2012? Si ya porini wala ya kifahari. Ni Heinz 1706, ya kampuni ileile ya chupa ya sosi unayomiminia chipsi.