Mota Hujulikana kwa Mzigo

Ndugu askari, mota iliyofungwa nyaya mpya yaweza kuzunguka vyema mezani pa fundi, kisha ikaungua siku ile kambi nzima inapongojea maji ya kisima. Kuruta hapimwi kwa gwaride peke yake, bali kwa mwendo wa mzigo mgongoni. Mota nayo ni vivyo hivyo.

Basi mzigo upi uchaguliwe? Breki ya msuguano, aliyoibuni Mfaransa Gaspard de Prony mwaka 1821, hubana puli huku mizani ikionyesha mvuto. Yafaa kupima nguvu ya kuanzia. Lakini kazi yote ya mota hugeuka joto, hivyo jaribio liwe fupi. Breki ya sumaku haigusi wala hailiki, ila haina nguvu puli ikisimama. Kwa jaribio la saa nyingi, heri mota izungushe jenereta inayowasha taa.

Mota ya kilowati 5 yataka breki inayostahimili kilowati 5, wala si pungufu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mota isiyotiwa dhikini karakanani isiaminiwe kisimani.