Kesi ya Askofu Colenso: Mahakama ilipoulizwa nani ana mamlaka kanisani

WAUMINI kupelekana mahakamani si jambo lililoanza leo. Zaidi ya miaka 150 iliyopita, mvutano wa maaskofu wawili wa Kianglikana wa Afrika Kusini ulivuka bahari hadi London, na hukumu yake ikabadili hadhi ya kanisa hilo katika makoloni ya Uingereza.

Wahusika walikuwa Robert Gray wa Cape Town, mkuu wa maaskofu wa eneo hilo, na John William Colenso wa Natal. Mwaka 1862 Colenso alianza kuchapisha kitabu kilichohoji iwapo vitabu vitano vya kwanza vya Biblia ni historia halisi. Miongoni mwa yaliyomsukuma ni maswali ya msaidizi wake wa kutafsiri, Mzulu William Ngidi, kuhusu gharika ya Nuhu.

Colenso alishitakiwa kwa uzushi mbele ya Gray, ambaye Desemba 1863 alitangaza kumvua uaskofu. Colenso hakuitambua mamlaka hiyo, akakimbilia kwa Malkia.

Machi 1865, Kamati ya Mahakama ya Baraza la Malkia, iliyokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa za makoloni, ilitamka kuwa shauri lote lilikuwa batili. Hati ya kifalme iliyompa Gray ukuu ilitolewa mwaka 1853, wakati Koloni la Cape limekwisha kupewa chombo chake cha kutunga sheria. Katika koloni la namna hiyo, Malkia hakuweza kuunda mahakama ya kanisa kwa hati pekee, bila sheria ya bunge.

Ikumbukwe kuwa majaji hawakuamua iwapo Colenso alikuwa mzushi. Walichoamua ni kwamba aliyemhukumu hakuwa na uwezo huo kisheria.

Msingi wa hoja hiyo ulikwisha kuwekwa mwaka 1863 katika kesi ya Mchungaji William Long, aliyefukuzwa na Gray baada ya kukataa kushiriki sinodi. Baraza lilisema Kanisa la Uingereza katika koloni la aina hiyo ni sawa na jumuiya nyingine yoyote ya dini, na kanuni zake huwafunga wale tu waliozikubali.

Matokeo yake yalikuwa machungu. Colenso alibaki na mshahara na kanisa kuu la Pietermaritzburg. Gray naye alimtenga, na mwaka 1869 akawekwa askofu mwingine, William Macrorie. Mji mmoja ukawa na maaskofu wawili hadi Colenso alipofariki dunia mwaka 1883.

Waanglikana wa Afrika Kusini walijiundia katiba yao mwaka 1870. Hata hivyo, mwaka 1882 Baraza liliona kuwa katiba hiyo imewatenga kisheria na Kanisa la Uingereza. Kwa sababu hiyo, Askofu Nathaniel Merriman wa Grahamstown alishindwa kudai haki katika kanisa kuu lililokuwa chini ya udhamini wa Kanisa la Uingereza.

Tangu hapo, swali la majaji halikuwa nani ana imani sahihi, bali katiba inasema nini, na hati ya mali inamtaja nani.