Je, Wajua? Rozari, Sala ya Kila Muumini

Je, wajua kwamba Salamu Maria 150 za rozari ya zamani zilifuata hesabu ya Zaburi 150? Wamonaki walisali Zaburi zote. Waumini wasiojua kusoma walisali Salamu Maria. Ndiyo maana rozari iliitwa Zaburi ya Bikira Maria.

Je, wajua kwamba rozari ya kawaida ina punje 59? Za Salamu Maria ni 53, za Baba Yetu 6. Msalaba unaushika wakati wa Nasadiki, kisha Baba Yetu, kisha Salamu Maria 3 za kuomba imani, matumaini na mapendo. Hapo ndipo linatangazwa tendo la kwanza.

Je, wajua kwamba kusali haraka haraka hakutoshi? Mwaka 1974 Papa Paulo VI aliifananisha rozari isiyo na tafakari na mwili usio na roho. Ukitaja tendo, nyamaza kidogo, umtazame Yesu ndani yake, ndipo uendelee.

Je, wajua kwamba Matendo ya Mwanga, yanayosaliwa Alhamisi, yaliongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002? Ubatizo wa Yesu mtoni Yordani na arusi ya Kana vimo humo.

Je, wajua kwamba kule Kibeho, Rwanda, Bikira Maria aliwatokea wasichana wa shule kuanzia Novemba 28, 1981? Kanisa liliyatambua matokeo hayo mwaka 2001. Kutoka huko ilienezwa pia Rozari ya Mateso Saba ya Bikira Maria.

Je, wajua kwamba Mwenyeheri Isidori Bakanja, kijana mlei wa Kongo, alipigwa viboko kwa kukataa kuvua skapulari yake? Alifariki mwaka 1909 kwa majeraha hayo, akiwa amemsamehe aliyemtesa. Rozari ilikuwa sala aliyoipenda.

Je, wajua kwamba anayesali rozari kanisani, katika familia au katika jumuiya anaweza kupata rehema kamili? Masharti ni kuungama, kupokea Komunyo, kuombea nia za Baba Mtakatifu na kuachana na kila dhambi. Basi Mei na Oktoba, jumuiya yako ikipita nyumba kwa nyumba, usibaki ndani.

Je, wajua kwamba vidole 10 vinatosha fungu zima? Huna rozari mkononi, uko kwenye daladala au foleni ya zahanati: anza. Sala hii ilikuzwa na watu wasio na vitabu, na wewe haikudai zaidi ya moyo ulio tayari.