Kupatana kwa Ndugu: Fedha za Watoto na Msimu wa Karafuu Tumbe, Pemba

Utangulizi

Kitenzi kupatana kina maana mbili zinazokaribiana. Wanaopatana bei ni muuzaji na mnunuzi; wanaopatana nyumbani ni ndugu wasio na ugomvi. Makala haya yanatumia maana zote mbili kufafanua jinsi watoto wa nyumba moja ya Tumbe, katika Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba, walivyopata na kugawana fedha zao katika miaka ya 1990. Hoja kuu ni kwamba fedha ya mtoto haikuwa posho ya mzazi, bali fungu la kazi ya pamoja lililotokana na majadiliano ya ndugu. Mtafiti asiyeyaona majadiliano hayo atakosea anapohesabu ni nani waliofanya kazi ya karafuu.

Nyumba inayozungumziwa ni ile aliyolelewa mwandishi, akiwa mtoto wa tatu baada ya kaka na dada. Nyumba moja haiwezi kuwa kipimo cha mji mzima. Inatumika hapa kuonesha utaratibu ulivyofanya kazi kwa ndani, mahali ambapo nyaraka hazifiki.

Vyanzo vya fedha

Viviana Zelizer, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu watoto wa Marekani kati ya mwaka 1870 na 1930, anaonesha kuwa posho ya mtoto ilishika nafasi pale watoto walipoondolewa katika kazi za ujira. Kwetu hali haikuwa hiyo. Hakukuwa na posho ya kila wiki. Siku za sikukuu jamaa walitoa sarafu kwa watoto waliokuja kuwaamkia. Pwani, mvulana aliyesaidia kuvuta chombo au kubeba samaki alipewa kitoweo, na akibahatika aliuza mtungo mmoja. Chanzo cha tatu, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, ni karafuu.

Tumbe ni mji wa wavuvi. Ardhi ya mashariki ya Pemba ina mawe mengi, na mikarafuu hustawi zaidi katika vilima vya kati na magharibi. Kwa hiyo msimu ulipoingia, watoto wa nyumba yetu walihamia kwa mjomba, upande wa Konde. Wakati huo mnunuzi pekee wa karafuu kisheria alikuwa Shirika la Taifa la Biashara Zanzibar (ZSTC). Bei ya dunia ilikwisha kuporomoka katika miaka ya 1980, baada ya Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, kujitosheleza kwa zao lake yenyewe. Mjomba hakuwa na uwezo wa kuajiri wachumaji wengi, hivyo aliwategemea watoto wa dada yake.

Kazi na mafungu yake

Ujira ulilipwa kwa pishi, kipimo chenye vibaba vinne. Kilichopimwa ni karafuu zilizokwisha kuchambuliwa, yaani kutenganishwa na makonyo. Kaka alipanda mikarafuu na kuchuma. Dada na mwandishi waliokota zilizoanguka chini, na usiku walichambua mavuno ya siku nzima. Asubuhi mjomba alipima, akaandika idadi ya pishi katika daftari mbele ya jina la kaka, na fedha zikaingia mkononi mwa kaka.

Katika msimu wa mwaka 1998 kaka alipokea malipo ya wiki nzima na kuwapa wasichana wawili sarafu moja ya shilingi 200, ile yenye picha ya Mzee Karume iliyotolewa mwaka huohuo, wagawane. Usiku uliofuata wasichana hawakuchambua. Hapa ndipo tabia ya zao inapoeleza nguvu ya mnyonge. Karafuu mbichi zikilazwa katika gunia hupata joto na kuchacha. Zikianikwa baadaye hukosa rangi nzuri, na kituoni hushushwa daraja. Kaka alikuwa na magunia mawili ambayo bila mikono ya wadogo zake yasingepimika, na kila saa iliyopita ilipunguza thamani yake.

Majadiliano yalifanyika usiku huohuo mbele ya mama. Kaka alikuwa na hoja ya haki: yeye ndiye aliyepanda juu, na anayeanguka mkarafuu huvunjika. Kisha akaongeza hoja ya pili, kwamba fungu la mwanamume ni mara mbili ya la mwanamke. Mama alimjibu kwa maneno machache: “Hayo ni ya mirathi, mwanangu. Hapa hajafa mtu.”

Makubaliano yaliyofikiwa yalikuwa haya: katika kila pishi, vibaba viwili ni vya kaka, kimoja ni cha dada na kimoja ni cha mwandishi. Makonyo, ambayo mjomba aliwaachia watoto, yakawa ya wasichana peke yao. Ukiyatazama mafungu hayo, kaka alibaki na mara mbili ya kila msichana, sawa na alivyodai. Kilichobadilika ni msingi wa dai. Fungu lake sasa lilitokana na hatari ya kupanda, na kazi ya kuchambua ikapata kipimo chake kwa mara ya kwanza.

Kasoro ya kupatana

Haifai kuupamba utaratibu huu. Vibaba vya mwandishi vilinunua madaftari ya skuli. Vya dada viliingia katika kibubu, vikakopwa na kaka kabla ya sikukuu, na havikurudi vyote. Dada hakudai kwa sababu aliyedai ndugu yake alionekana mgomvi. Hapa maana mbili za kupatana zinagongana: ili ndugu waendelee kupatana kwa amani, mmoja wao aliacha kupatana kwa hesabu. Deni hilo hutajwa katika familia hadi leo, kwa mzaha usio mzaha mtupu.

Hitimisho

Daftari la mjomba bado lipo. Katika kurasa za msimu ule kuna jina moja tu la mtoto, nalo ni la kaka. Anayelisoma bila kuijua nyumba atahitimisha kuwa mvulana mmoja alileta pishi zote zile, na kwamba wasichana hawakuwapo. Hakuna aliyeandika uongo. Daftari liliandika aliyepokea, nasi tunalisoma kana kwamba liliandika aliyefanya kazi.

Kwa hiyo makala haya yanapendekeza kwamba kila jina katika kumbukumbu za ujira wa karafuu lisomwe kama jina la kundi, hadi maswali matatu yajibiwe: nani alichuma, nani alichambua, na nani alipokea. Majibu ya swali la pili hayapatikani katika nyaraka. Yamo katika kumbukumbu za wanawake ambao sasa ni watu wazima, na inafaa waulizwe wangali wanakumbuka idadi ya vibaba.