Zana Kuukuu za Shamba Sebuleni

Mtu aishikaye barabara itokayo Sotik kwenda Kisii hufika Chepilat, soko lililosimama mpakani, Bomet upande mmoja na Nyamira upande wa pili, ambapo Wakipsigis na Wakisii huuziana mazao na mifugo. Sehemu kubwa ya nchi ya Sotik, katika enzi za ukoloni hadi karibu na Uhuru, ilikuwa miliki ya walowezi wa Kizungu; na walipoondoka, mashamba ya Borabu, upande wa Nyamira, yakagawanywa kwa wananchi katika miaka ya 1960, ardhi haikurithiwa peke yake. Zilibaki pia plau za kukokotwa na maksai, nira, magurudumu ya mikokoteni, kandili na mikebe ya maziwa. Na zana hizo, baada ya kutumika hata zikachakaa, aghalabu hutupwa nyuma ya zizi zikingoja mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye huzipima kwa kilo.

Mizani hiyo naiona dhalimu. Zana iliyolisha aila nzima inastahili makao ndani ya nyumba, nayo huipamba nyumba kuliko samani nyingi za dukani, kwa sharti moja tu: athari ya kazi iliyoifanya isifutwe. Itazame nira ya kale kwa karibu. Pale ilipolalia shingo za ng'ombe, mti umelainika na kung'aa kwa jasho na msuguano wa miaka. Pale minyororo ilipopita, pamechimbika mfuo ambao hakuna seremala angeweza kuuiga. Ikitundikwa ukutani juu ya mlango, au ikatiwa kulabu za makoti, yatosha yenyewe. Lakini ikisuguliwa kwa msasa na kupakwa vanishi nzito, kama wafanyavyo wengi kwa nia njema, hubaki gogo lililopinda.

Wala desturi ya kupamba nyumba kwa vyombo si ngeni kwetu. Katika nyumba za mawe za Lamu, wajenzi walifanya zidaka ukutani, safu juu ya safu, na bakuli za kaure zilizovuka bahari kutoka Uchina zikawekwa humo ziwe fahari ya chumba. Na huko Mambrui, bakuli za namna hiyo zilipachikwa katika mnara wa kaburi. Hata leo mafundi wa Lamu hufanya viti na meza kwa mbao za majahazi yaliyostaafu, wakayaacha matundu ya misumari yaonekane, maana ndiyo yanayotofautisha mbao iliyovuka maji na mbao ya kiwandani.

Tunu ya Wakipsigis ni sotet, kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa, ambacho ndani yake hupakwa masizi ya mkaa wa mti uitwao senetwet, na nje hufunikwa ngozi, pengine kikapambwa kwa shanga au kauri. Kibuyu kilichopasuka kikashonwa ndicho kizuri kuliko vyote, kwa sababu mshono ule wadhihirisha kuwa mwenyewe alikipenda hata hakuridhia kukitupa. Kisitiwe maji wala maua mabichi, kwani unyevu hukiozesha. Kitundikwe pakavu, pamoja na sosiot, kijiti chake cha kusafishia, ndipo mgeni afahamu kazi yake bila kuelezwa.

Usafi wenyewe hauhitaji elimu kubwa. Kutu ya plau husuguliwa kwa brashi ya waya, chuma kikapanguswa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kikakauka kabisa, kisha kikapakwa nta ya nyuki. Weusi uliobaki usiondolewe. Mti ukidondosha unga laini chini yake, una wadudu ndani, nao usiingizwe nyumbani kabla ya kutiwa dawa na kuangaliwa mpaka unga ukome. Mkebe wa maziwa hufaa kuwekea miavuli au kufanywa taa, ila nyaya zake zifungwe na fundi wa umeme. Bomba la kupulizia dawa, pamoja na pipa lililowahi kuwa na sumu ya wadudu au ya kupe, hata liwe la shaba yenye nakshi, lisiletwe nyumbani kabisa. Sumu huingia katika maungio, wala sabuni haina uwezo nayo, na watoto hugusa kila kitu.

Kikapu cha kuchumia chai kimenifikirisha zaidi. Tangu makampuni makubwa yalipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, kikapu mgongoni ndicho kilichopokea majani mawili na chipukizi lake, na wakulima wadogo wangali wakichuma kwa mikono. Katika mashamba makubwa, hata hivyo, mashine zimeshika kazi hiyo, na uchungu wa waliopoteza riziki ulilipuka Mei 2023, mashine zikachomwa moto. Mwenye kutaka kikapu cha pambo na akitafute kilichokwisha kazi, tena alipe bei ya haki. Kumshawishi mchumaji akuuzie chombo anachokitegemea kesho ni dhuluma, hata kama amekubali kwa shida.

Fauka ya hayo, vipo vitu visivyouzika. Vigango vya Wagiriama, nguzo zilizochongwa kwa kumbukumbu ya wazee waliokufa, viling'olewa na kuuzwa ng'ambo kama mapambo, na mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka Marekani kwa wenyewe, ambao walikuwa wamevililia miaka mingi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 hulinda vitu vya namna hiyo, lakini mnunuzi mwenye adabu hasubiri sheria. Huuliza kitu kimetoka kwa nani na kwa ridhaa ya nani. Mama akisitasita kukitoa kibuyu cha marehemu mkwewe, aachiwe; na akikitoa kwa moyo mweupe, aulizwe jina la aliyekitumia na kijiji chake, liandikwe kwa wino juu ya kipande cha karatasi, kikafungwe kwa uzi kwenye ukanda wake wa ngozi.