Kuilinda Mikono Wakati wa Kusugua Kutu

Katika miji ya mwambao kama Mombasa, Tanga na Zanzibar, ambako upepo wa baharini hubeba chumvi na kuishusha juu ya kila chuma kilicho wazi, mageti na nondo za madirisha huota kutu upesi kuliko bara. Kutu hutokea chuma kinapoungana na oksijeni kukiwa na maji, na kwa kuwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huvimba, hupasuka na kubanduka magamba, ambayo hayana budi kuondolewa kabla ya rangi mpya kupakwa. Kifaa cha bei nafuu kwa kazi hiyo ni pamba ya chuma, yaani fungu la nyuzi nyembamba za chuma ambalo wengi hulijua kwa jina la stilwaya.

Pamba hiyo hupangwa kwa madaraja, kuanzia 0000, yenye nyuzi nyembamba kuliko unywele wa binadamu, hadi namba 4, yenye nyuzi nene zaidi. Wengi hudhani kwamba ile laini haina madhara, na hapo ndipo wanapokosea. Nyuzi hizo hutengenezwa kwa kukwangua waya kwa visu vyenye meno, kwa hiyo kila uzi huwa na makali, na makali yanayoondoa kutu ndiyo hayohayo yanayochana ngozi. Zaidi ya hayo, nyuzi hukatika kadiri zinavyosuguliwa, na vipande vyake huzama katika ncha za vidole na chini ya kucha, ambamo kilicho chembamba mno huweza kuendelea kuchoma bila kuonekana.

Kinga ya kwanza ni glavu, lakini si glavu yoyote. Ya kitambaa haifai, kwa kuwa vipande vya chuma hupenya kati ya nyuzi zake na kunasa humo, hivyo mtu akiivaa tena hujichoma kwa uchafu wa jana. Ile nyembamba ya hospitali nayo hupasuka mapema. Inayofaa ni ya ngozi, au ya mpira mzito, ambayo pia huzuia maji na siki pale kutu inapolowekwa kwanza ili ilainike, jambo linalostahili kufanywa kila inapowezekana kwa sababu hupunguza nguvu ya kusugua na vumbi. Hata hivyo, glavu hizo zivuliwe mtu anapohamia kwenye mashine inayozunguka, kama vile drili au grinda ya mezani, kwa maana mashine ikiikamata glavu huuvuta na mkono uliomo. Cheche za grinda, isitoshe, huweza kuiwasha pamba ya chuma, hivyo viwili hivyo visikae karibu.

Kuhusu pepopunda, ugonjwa unaokaza misuli na unaoweza kuua, imani iliyoenea ni kwamba huletwa na kutu. Kwa hakika huletwa na bakteria ambaye Kitasato Shibasaburo, mwanasayansi wa Japani, alifanikiwa kumtenga mwaka 1889, na mbegu zake hukaa katika udongo, vumbi na samadi. Jembe lenye kutu ni hatari kwa sababu limelala shambani, na jeraha jembamba lenye kina humfaa bakteria huyo kwa kuwa hustawi pasipo na hewa. Watoto hupewa chanjo yake wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini kinga hupungua kwa miaka, na kwa kawaida mtu mzima hushauriwa kuirudia kila baada ya miaka 10; ni jambo la kusikitisha kwamba mafundi wengi, ambao mikono yao ndiyo riziki yao, hawakumbuki waliichoma lini.

Kipande kikiingia mkononi, sehemu hiyo ioshwe kwa maji na sabuni, kisha kitolewe penye mwanga kwa kibanio safi kikivutwa kuelekea kule kilikoingilia, wala kisikamuliwe, kwa kuwa huweza kukatikia ndani. Chembe iliyoingia jichoni haifai kuguswa nyumbani kabisa, maana chuma huacha duara la kutu juu ya mboni. Mwenye jeraha lililozama na kuchafuka, ikiwa chanjo yake ya mwisho ina zaidi ya miaka 5 au haikumbuki, aende kituo cha afya mapema bila kusubiri dalili, kwa sababu dalili za pepopunda kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, wakati ambapo jeraha lenyewe huenda limekwisha kupona.