Maji ya Udhu na Kivuli Tulichokikata

Mwaka juzi kamati yetu iliusakafia ua wa msikiti kwa matofali ya pevingi. Mkungu uliokuwa langoni ukakatwa ili magari ya Ijumaa yapate nafasi. Muhtasari wa kikao kile niliuandika kwa mkono wangu, na humo hakuna hata sauti moja iliyopinga. Masika yalipoingia, maji yaliyokuwa yakinywewa na mchanga yaliteremka yote hadi kwa jirani yetu, mjane auzaye mkaa, yakamharibia magunia. Hakuja kulalamika. Alimtuma mtoto kuazima sepeto la msikiti.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Mji umetambaa hadi Chanika, Bunju na Mbagala, na kila kiwanja kinachojengwa na kusakafiwa huipunguzia ardhi nafasi ya kunywa maji. Bonde la Msimbazi hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sisi tulikuwa tunaongeza tone letu katika msiba huo, tena kwa fedha za sadaka.

Fikira ya kutengeneza haikutoka kamatini. Ilitoka kwa akina mama wa darsa la Jumamosi, waliouliza swali moja tu: maji ya udhu yanakwenda wapi? Yalikwenda karoni, pamoja na ya vyooni, nasi tukalipia gari la kuyanyonya.

Baadhi ya wazee walihofia hukumu yake. Imamu akafafanua kwamba katika madhehebu ya Shafi, maji yaliyotumika katika udhu wa faradhi ni tohara ingawa hayatoharishi. Basi hapana kizuizi cha kumwagilia mti. Akakumbusha pia kuwa Imamu Nawawi hakupendezwa na upandaji wa miti ndani ya msikiti wenyewe, kwa hiyo tukapanda nje ya eneo la swala, kando ya uzio na njia ya kwa mjane. Akaongeza jambo lililotuinamisha vichwa: Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani kibaba, nasi huacha bomba likitiririka tangu kusukutua hadi kuosha miguu.

Vijana waling'oa safu mbili za pevingi, wakachimba mfereji na kuujaza kokoto, wakatenganisha bomba la udhu na la vyoo. Ikapandwa miarobaini na mizambarau, miche 11. Kila mche ukapewa watoto wawili wa madrasa. Mbuzi wamekula miwili. Kwa mujibu wa hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kinacholiwa na mnyama katika mmea nacho ni sadaka kwa aliyepanda, ingawa mwenye mbuzi tumemwomba awafunge.

Masika ya mwaka huu maji yalifika kwa mjane, lakini hayakuingia ndani. Zimesalia safu nne za kung'oa kabla ya vuli, nazo zitaondoa nafasi za magari matano. Wenye magari wameandika barua. Kikao ni Jumapili baada ya Alasiri. Safari hii mjane amealikwa, na muhtasari nitauandika mimi.